Mwewe, Bundi na Kihamba cha Theopista

Bibi yangu mzaa mama, Theopista, hakuwa na sura ya mtu wa kuogopwa. Alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukitaka kumsikia akisali kanisani ilibidi ukae naye benchi moja. Nayasema haya mapema kwa sababu wapo watu hapa Kibosho wanaomsimulia hadi leo kama jimama lililochapa wanaume makofi mbele ya wazee wa ukoo. Ni uongo. Hakumgusa mtu. Alikataa kuua ndege mmoja, kisha akapanda mti, basi.

Alinisimulia mwenyewe mara mbili, na mara zote mbili alikasirika upya hadi akaacha kupukuchua mahindi. Mengine nimeyapata kwa mama yangu, Elizabeth, aliyekuwa binti wa miaka kumi na saba wakati huo, na mengine kwa jirani yao, Mama Aikande, ambaye katika habari hii hakujipamba hata kidogo, nami namheshimu kwa hilo.

Theopista alizaliwa mwaka Waingereza walipoingia Moshi. Akiwa msichana alipelekwa kwa masista wa misheni. Hakwenda kusoma, maana baba yake alikuwa na wavulana watatu wa kusomesha. Alikwenda kuchunga kuku. Alichunga kuku wa masista miaka minne. Kazi hiyo watu huicheka, lakini aliyelinda vifaranga miaka minne humjua mwewe kuliko anavyomjua shangazi yake. Alijua kwamba mwewe huja jua likishapanda, hewa ikipata joto la kumbeba. Kwamba huzunguka juu akiupinda mkia wake wenye panda huku na huku. Kwamba hashuki palipo na mtu anayetazama juu. Alijua pia kwamba mwewe hawezi kumeza kifaranga kizima. Hukipeleka mtini, akakikanyaga na kukichana vipande, na miguu huiacha.

Mwaka 1933 aliolewa na Kornel, mtu mpole, mkulima wa kahawa. Vita vya Hitla vilipokuja Kornel aliingia jeshi la Keya, akafika hadi Burma, akarudi na kaptula mbili za kaki na kikohozi. Kikohozi kilimmaliza mwaka 1949. Aliacha mjane, binti mmoja, ng'ombe mmoja wa zizini na kihamba.

Hicho kihamba ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Migomba, kahawa chini ya migomba, nyumba, makaburi ya wazazi, vyote kwenye kipande kimoja: Mchagga asiye nacho ni mgeni popote anapolala. Mila ilikuwa wazi. Mjane asiye na mtoto wa kiume hakimiliki kihamba cha mumewe, lakini hafukuzwi. Hukaa humo mpaka afe, ndipo kinarudi kwa ndugu wa mume. Mdogo wake Kornel, Wenseslaus, aliyepakana nao upande wa chini, hakuwa na subira ya kungoja mwanamke wa miaka thelathini na kitu afe. Mwaka wa kwanza wa msiba alisogeza mpaka, akachukua mstari mmoja wa mikahawa. Mwaka wa pili akachukua mwingine. Bibi alilalamika kwa wazee wa ukoo, wazee wakasema watakuja kuangalia, na hawakuja.

Sasa bundi. Mwaka 1951, mahindi ya shamba la tambarare yalipokwisha kupandishwa ghalani, panya waliingia kwa wingi ambao bibi hakuwahi kuuona. Walitoboa magunia, walikula maharage ya mbegu, walitafuna hata kamba za kitanda. Kisha siku moja asubuhi alimkuta ndege amekaa juu ya boriti ya ghala, kwenye pembe yenye giza, chini ya bati. Hakuwa yule bundi wa msituni mwenye masikio yaliyosimama. Huyu alikuwa na uso mweupe, bapa, kama sahani iliyopakwa unga, macho yote mawili yakitazama mbele kama ya binadamu, na alipomwona bibi alikoroma kwa sauti ya bawaba isiyo na mafuta. Bibi aliogopa, hilo hakulificha. Alifunga mlango akasali.

Lakini baada ya wiki mbili magunia yalikuwa hayatobolewi tena. Chini ya boriti bibi aliokota madonge meusi, makubwa kama kidole gumba, yamekaza kama sufi iliyofumwa vibaya. Alilipasua moja kwa mwiba. Ndani mlikuwa na manyoya, mbavu nyembamba kama sindano, na fuvu la panya lenye meno yake ya njano. Hapo akaelewa: bundi humeza panya mzima mzima, halafu yale yasiyolika huyatapika yakiwa yamefungwa vizuri kama mzigo. Tangu siku hiyo aliyakusanya madonge yote kikapuni. Mama alimuuliza ya nini uchafu ule, naye akajibu kwamba hatupi kitu ambacho hajamaliza kukielewa.

Kwetu bundi ni msiba. Akilia juu ya bati, mtu fulani anakufa; akilala ndani ya nyumba, mwenye nyumba ni mchawi. Ujinga huu unanichosha. Watu hufa kila mwaka na bundi hulia kila wiki, ukitaka kuvifunga pamoja hukosi kamba. Hata hivyo, ndivyo watu walivyoamini, na Wenseslaus alilijua hilo vizuri zaidi ya wote.

Mwezi wa tisa vifaranga vilianza kupotea katika kitongoji kizima. Mama Aikande peke yake alipoteza saba. Vifaranga vya majirani huchanganyika vikitafuta chakula migombani, kwa hiyo kila nyumba ilivifunga uzi wa rangi yake mguuni: kwa Mama Aikande uzi mwekundu, kwa bibi mweusi, kwa mke wa Wenseslaus wa bluu. Asubuhi vilitoka ishirini, jioni vikarudi kumi na nane. Wenseslaus alilichukua jambo hilo mpaka kilabu cha mbege. Aliuliza, kibuyu mkononi, ni nani pale kitongojini anayelaza bundi ndani ya nyumba. Aliuliza pia kama kuna mtu aliyewahi kusikia kikohozi cha Burma kinachoua mtu miaka minne baada ya vita. Hakutaja jina. Mtu mwenye hila hatupi jiwe, hukuonyesha lilipo.

Siku chache zilitosha. Bibi alipofika kuchota maji mferejini, wanawake walisogea kando wakangoja aondoke. Benchi lake kanisani lilibaki na yeye na binti yake tu. Mama Aikande, ambaye watoto wake wawili bibi aliwabeba mgongoni kama wake, aliacha kuja kuomba moto. Kisha ikaja habari kwamba ukoo utakaa Jumamosi. Ikithibitika kwamba bundi yule ni wa uchawi, Theopista atarudi kwa baba yake pamoja na binti yake, na kihamba kitachukuliwa na Wenseslaus.

Mzee Anselmi, mkubwa wa ukoo, alikuja kumwona Alhamisi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka hupenda njia fupi. Alimshauri amuue yule ndege, amtupe njiani watu wamwone, na yeye Anselmi atahakikisha maneno yanaishia hapo. Mke wetu, alisema, ndege mmoja si kitu cha kupotezea nyumba.

"Nikimuua nimekiri, baba," bibi alisema. "Leo mmeniona na bundi. Kesho mtaniona na paka."

Mzee aliondoka akitikisa kichwa. Mama yangu, ambaye alikuwa ndani anasikia yote, alichukua mchi akaenda ghalani kumaliza kazi mwenyewe. Alikuwa msichana wa kuposwa, na ni nani angemposa binti wa mchawi? Bibi alimnyang'anya ule mchi mlangoni. Mama anasema hajawahi kumwona na hasira vile. Alimwambia kwamba wakitaka kumfukuza wamfukuze kwa uongo wao wenyewe, hatawapa ushahidi kwa mkono wake.

Jumamosi wazee kumi na mmoja walikaa kwenye vigoda uwanjani, na nyuma yao kitongoji kizima kilisimama, maana hakuna kinachojaza uwanja kama aibu ya mtu mwingine. Wenseslaus alipewa nafasi ya kwanza. Alisema vizuri, simnyimi haki yake. Alisema ndege ni wa aina mbili. Mwewe ni ndege wa Mungu: huruka mchana, mabawa yake yanasikika, akishuka kila mtu anamwona na mama wa vifaranga anapiga kelele. Bundi huruka gizani, na akikupita sikioni husikii hata upepo. Kwa nini ndege aruke bila sauti, aliuliza, kama hana la kuficha? Watu waliguna. Hata mama yangu, mtoto wa mshitakiwa, alikiri kwamba neno lile lilimwingia.

Bibi aliinuka na kikapu chake. Aliweka ungo chini mbele ya Mzee Anselmi, akaweka na bakuli la maji, akatumbukiza madonge. Yalipolainika aliyapasua moja moja kwa mwiba, akayapanga mafuvu kwenye ungo kwa mistari, kama mtu anayepanga maharage ya mbegu. Watu wa nyuma walisogea mbele kuona. Alipofika fuvu la arobaini alimpa Mzee Anselmi mwiba, akamwomba apasue mwenyewe, achague donge lolote kikapuni, atafute mdomo wa kifaranga au ukucha wake. Mzee alipasua matatu. Alipata panya watano na mende mmoja.

Ndipo bibi akatoa unyoya aliouokota ghalani, akampitisha mzee ukingo wake kwenye shavu. Ulikuwa na pindo laini la nyuzinyuzi, kama la shali.

"Mwewe hana haja ya kunyamaza, kifaranga hakisikii hatari mpaka mama yake aseme," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti yake ilifika nyuma. "Panya anasikia. Ndiyo maana huyu akapewa bawa lisilolia. Mungu aliyempa yule mkia wa panda ndiye aliyempa huyu ukimya."

Wenseslaus hakuishiwa. Alisema mifupa ya panya inathibitisha tu kwamba bundi anakula panya. Vifaranga vinaliwa na mchawi, na mchawi habakizi mifupa. Hapo ungefanya nini wewe? Mtu akisema kukosekana kwa ushahidi ndio ushahidi, hata malaika hana la kumjibu. Mimi ningelia. Bibi alifunga kikapu, akasema basi twendeni tukaone anakula nini ndege wa Mungu.

Kwenye kihamba cha Wenseslaus, karibu na mpaka, ulikuwepo mringaringa mrefu, na juu kabisa palikuwa na kiota cha mwewe, kikubwa kama kapu la kahawa, ambacho kila mtu alikuwa akikiona miaka nenda rudi bila kukiuliza kitu. Umati wote ulihamia pale. Mzee Anselmi aliuliza nani atapanda. Wenseslaus alisema hataki mtu kwenye mti wake. Mzee akasema mti uko kwenye ardhi ya ukoo, akauliza tena. Vijana walitazamana. Kupanda kungekuwa kuchagua upande, na hakuna aliyetaka kuonekana amechagua upande wa mjane.

Bibi alifungua kitenge chake, akakikunja, akampa mama ashike. Ndani alikuwa amevaa kaptula ya Kornel ya kaki, ile ya Burma, ameifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba. Kwa hiyo alikuja akijua. Alijua tangu nyumbani kwamba hakuna atakayempandia.

Kwetu mwanamke hapandi mti. Mwanamke akipanda, mti unakauka, na atakayeliona jambo hilo amepata nuksi. Wazee wawili waligeuza nyuso. Mke wa Wenseslaus alisema kwa sauti kwamba mti wao utakufa. Bibi, akiwa tayari amekumbatia shina, alimjibu kwamba ukikauka kuni zake ni za kwao.

Mama anasema kutazama kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Mwewe jike aliondoka kiotani akazunguka mara moja, akashuka na kucha mbele, akampitia bibi kichwani. Mara ya pili alichana ngozi, na damu ikateremka nyuma ya sikio. Bibi aliinamisha kichwa akaendelea, mguu kwa mguu. Alipofika aliingiza mkono kiotani kwa muda mrefu. Mwewe hupenda matambara, hutandika nyumba yake kwa chochote anachookota: bibi alirusha chini kipande cha gunia, karatasi, kitambaa kilichochakaa. Vingine alivitia mifukoni. Makinda mawili yaliyokuwa humo hakuyagusa, na nilipomuuliza kwa nini, alisema kosa la mwewe si kula. Mwewe hakumsingizia mtu.

Alishuka taratibu, akaomba ungo, akamwaga mifuko ya Kornel. Ilitoka miguu ya vifaranga, mikavu, ya njano. Miguu minne ilikuwa na uzi mwekundu. Mitatu ilikuwa na uzi wa bluu.

Mama Aikande alisogea, akapiga magoti, akaushika mguu mmoja. "Huu uzi ni wangu," alisema. "Niliufunga mwenyewe." Alikuwa analia, na hakuwa analilia kuku. Mke wa Wenseslaus aliitazama miguu yenye uzi wa bluu, akamtazama mumewe, akaondoka bila kuaga mtu. Vifaranga vyake mwenyewe vilikuwa vinaliwa juu ya kichwa chake, kwenye mti wake, huku mumewe akitafuta mchawi kilabuni.

Mzee Anselmi alisema hakuna kesi. Watu walitawanyika upesi, kila mmoja akikumbuka ng'ombe wake hajapewa majani. Hakuna aliyesema samahani. Bibi alirudi nyumbani akaosha kichwa kwa maji ya chumvi, na hapo ndipo hasira ilipompanda kweli. Wangekuwa wamemfukuza, na sasa wamekwenda kukata majani. Siku hiyohiyo alisimama mferejini, akawaambia wanawake wote waliokuwepo kwamba Jumatatu anakwenda barazani kwa mangi, chifu wetu, na mangi asipomsikiliza atateremka hadi bomani Moshi, kwa sababu kumwita mtu mchawi nayo ni kesi, serikali ina sheria yake. Alisema hivyo polepole, ili kila mmoja aweze kulibeba neno lote bila kumwaga.

Lilifika. Jumapili baada ya misa Wenseslaus aliingia uani kwa bibi, amevaa koti, pamoja na Mzee Anselmi na wazee wengine wawili, na mkononi ameshika jani la isale.

Isale ni mmea wa majani marefu membamba ambao sisi Wachagga tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba, na mpaka wenye isale hakuna anayeubishia. Jani lake tunalibeba tukienda kuomba radhi. Anayeletewa jani hilo hawezi kulikataa, hata kama aliyelileta alimuulia ndugu. Akilipokea, ugomvi umekwisha na hauendi mbele ya baraza lolote. Wenseslaus alilijua hilo. Ndiyo maana alikuja Jumapili, kabla ya Jumatatu. Aliinama, akanyoosha jani, akaomba asamehewe kwa maneno aliyoyasema juu ya yule ndege.

Bibi hakunyoosha mkono. Mila haikuruhusu kukataa isale, lakini haikukataza kuuliza. Aliuliza ni kosa gani lingine.

Wenseslaus alisema ni hilo tu. Bibi alimtazama. Mzee Anselmi naye alimtazama, na nadhani ndipo yule mzee aliyechoka alipoona haya ya miaka miwili ya kutokuja kuangalia mpaka, kwa sababu alisema, "Sema, kijana. Mtu haombi radhi nusu."

Jani lilikuwa bado limenyooshwa hewani. Wenseslaus alisema, kwa sauti ambayo mama yangu, aliyesimama mlangoni, ilimbidi aegemee mbele kuisikia: mikahawa, mistari miwili, alisogeza mpaka.

Hapo bibi alilipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nimekusamehe, shemeji, hili limekwisha," alisema. "Lakini jani halioti. Nenda kalete mashina ya isale ya mpaka wa zamani, na uje na jembe lako. Wazee leo wamekuja."